Kuotesha Msandali wa Afrika: Mwongozo Kamili, Kuanzia Tunda hadi Kichaka

Wengi wanaojaribu kuotesha msandali hukwama mahali pamoja. Mbegu zinaota, miche inafika sentimita 10 au 15, majani yanapendeza, halafu inadumaa. Inaongezewa samadi, inamwagiliwa zaidi, inahamishiwa kivuli kingine, na bado inageuka njano na kufa mmoja mmoja. Udongo hauna kosa, na maji hayana kosa. Mche umekosa jirani wa kumtegemea.

Msandali ni nusu kimelea. Una majani ya kijani na hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mti mwingine wowote, lakini mizizi yake hutafuta mizizi ya mimea iliyo karibu, huing'ang'ania kwa vinundu vidogo, na kufyonza humo maji na madini. Fukua taratibu mzizi wa msandali wa porini utaviona: vinundu vyeupe, vimebandika kwenye mzizi wa mti mwingine kama kupe. Mti unaofyonzwa tutauita mwenyeji. Asiyeandaa mwenyeji atazika miche kila mwaka, hata awe fundi wa vitalu kiasi gani. Kwa hiyo mwongozo huu utazungumzia sana mimea mingine, na hilo ni kwa makusudi.

Tunayemzungumzia ni Osyris lanceolata, kichaka au mti mdogo wa mita 1 hadi 6 hivi, unaoota kwenye miteremko yenye mawe, vichaka vikavu vya nyanda za juu na kingo za misitu. Wamasai huuita oloisesiai, na Rwanda na Burundi unajulikana kwa jina la kabaruka. Kwa dunia nzima mti huu una eneo kubwa, kuanzia Afrika Kusini hadi Afrika Kaskazini na kuingia Asia. Balaa liko kwetu. Mafuta yake ya kunukia yanatafutwa na viwanda vya manukato, nayo yamo zaidi kwenye kiini cha shina na kwenye mizizi, kwa hiyo mvunaji haramu hakati tawi wala shina: anang'oa mti mzima na kuacha shimo. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Mwaka 2013, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Bangkok, misandali ya Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II, maana yake biashara ya kuvuka mipaka inahitaji kibali.

Kuna jambo lingine linaloumiza zaidi. Misandali ina dume na jike, miti tofauti. Wavunaji hupendelea majike kwa kuaminiwa kuwa na mafuta mengi. Unaweza kukuta kilima chenye misandali kadhaa iliyobaki, yote madume, isiyozaa hata tunda moja.

Hakikisha ni msandali wenyewe

Mitaani na mitandaoni huuzwa miche ya "sandali" ya kila aina. Mingine ni msandali wa India, Santalum album, mti mzuri kwa shughuli yake lakini si wa asili ya huku, na haurudishi chochote kwenye vilima vyetu. Kuitofautisha ni rahisi ukiangalia majani. Ya msandali wa India hutoka mawili mawili yakitazamana kwenye kijiti. Ya msandali wetu hupishana, moja upande huu, linalofuata upande ule. Tena ni magumu kama ngozi, yana rangi ya kijani inayoelekea kijivu au bluu, na kwenye ncha ya jani kuna kijisindano kifupi unachokihisi ukipitisha kidole.

Maua ni madogo mno, ya kijani-manjano, na unaweza kupita bila kuyaona. Matunda ndiyo yanayouza siri ya jike: ya duara au yai, ukubwa wa sentimita 1 hivi, yanaanza kijani, yanapitia manjano, yanaiva mekundu. Tunda huliwa, na ndege wanalijua hilo kuliko sisi.

Karatasi kabla ya mkasi

Sehemu hii haifurahishi, lakini usiiruke. Nchini Kenya msandali umo kwenye orodha ya mimea inayolindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na kukutwa na magogo au mizizi yake ni kesi nzito. Tanzania, misitu iko chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 na usimamizi wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Hata kama unachotaka ni kilo moja ya matunda, ukiyachuma kwenye hifadhi unahitaji ruhusa ya wenye hifadhi. Kwenye ardhi ya kijiji, anza na serikali ya kijiji. Omba ruhusa kwa maandishi, taja kwamba unachuma matunda au vijiti vya kupandikiza tu, na utembee nayo mfukoni siku ya kazi. Askari wa misitu akikukuta na mkasi kando ya msandali hana sababu ya kuamini maneno matupu.

Kama unaweza kupata mbegu au miche kutoka taasisi za misitu, KEFRI ya utafiti kwa Kenya, au TFS na TAFORI ya utafiti kwa Tanzania, anzia huko. Lakini uliza mbegu zilichumwa wapi na lini. Swali la lini ndilo zito zaidi, kwa sababu utakayoiona hapa chini.

Wenyeji kwanza, msandali baadaye

Miezi 6 hadi 12 kabla ya kupanda msandali shambani, mwenyeji awe ameshika ardhi. Utafiti uliofanywa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulilinganisha miche ya msandali iliyokuzwa na wenyeji mbalimbali, na iliyofanya vizuri ni ile iliyokaa na Rhus natalensis, Dodonaea viscosa, Tecomaria capensis, mirungi, Apodytes dimidiata na Brachystegia spiciformis, miongoni mwa mingine.

Kwa mkulima wa kawaida naona chaguo ni hili. Rhus natalensis, ambao Wamasai huuita olmisigiyioi, na Dodonaea viscosa ni vichaka vigumu vya nyanda kavu, vinavumilia ukame na kukatwakatwa, na huenda tayari viko kwenye mipaka ya shamba lako. Kama viko, usivipande upya. Pimia mashimo yako karibu navyo. Tecomaria capensis ni ule ua wenye maua ya rangi ya chungwa unaopandwa kuzunguka nyumba nyingi za mijini. Unashika kwa kijiti tu, unakua haraka, na hakuna atakayekuuliza umeupata wapi. Kwa anayeanza hana chochote, huu ndio ninaoupa nafasi ya kwanza.

Mirungi nayo ni mwenyeji mzuri, na kwa Meru au Embu, ambako watu wanaiita miraa na kuilima mashambani, mtu anaweza kupanda msandali pembeni mwa shamba lake bila tabu. Ukiwa Tanzania usithubutu: kupanda mirungi ni kosa la dawa za kulevya, na kusema ulipanda kwa ajili ya msandali hakutakuokoa.

Usitegemee aina moja. Porini msandali hushika mizizi ya majirani kadhaa kwa wakati mmoja, na mmoja akifa wengine wanaendelea kuubeba. Changanya angalau aina 2 au 3 kwenye shamba, na ikiwezekana moja iwe ya jamii ya kunde, kwa ajili ya naitrojeni.

Mbegu: muda ni adui

Mbegu ya msandali haivumilii kukaushwa. Mahindi au maharagwe unayakausha juani ili yadumu; mbegu hii ukiikausha juani umeiua. Ndiyo maana tarehe ya kuchuma ina uzito. Pakiti iliyokaa dukani miezi kadhaa kwenye joto ni pesa iliyotupwa.

Matunda hukomaa kwa nyakati tofauti kulingana na eneo na mvua, na mara nyingi mti mmoja huwa na maua, matunda mabichi na mabivu kwa pamoja. Kwa hiyo utarudi zaidi ya mara moja. Chuma yaliyoiva mekundu moja kwa moja kutoka mtini. Yaliyoanguka mengi yameshatobolewa na wadudu. Chuma kutoka majike mengi kadiri unavyoweza, yaliyo mbalimbali, usijaze ndoo kutoka mti mmoja uliozaa sana. Miche ya mama mmoja ni ndugu watupu, na ukijenga shamba la ndugu utajuta kizazi kinachofuata. Acha sehemu kubwa ya matunda mtini kwa ajili ya ndege, kwani wao ndio wanaozisambaza mbegu.

Siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi, menya nyama. Loweka matunda kwenye ndoo kwa saa kadhaa, kisha yasugue kwa mikono pamoja na mchanga mkavu kidogo mpaka nyama itoke, osha, rudia. Zinazoelea ziondoe, nyingi ni tupu. Zinazozama zitandaze kwenye gazeti kivulini hadi maji ya juu yakauke, basi. Kama huwezi kupanda ndani ya wiki moja au mbili, zichanganye na vumbi la mbao au mchanga wenye unyevu kidogo, kwenye chombo chenye matundu, uweke mahali pa baridi. Hapo unanunua wiki chache tu.

Ganda la ndani ni gumu na huchelewesha uotaji. Bana mbegu kwa koleo dogo taratibu mpaka usikie ganda limepasuka, bila kuponda kiini. Hapa ndipo mkono hujifunza: mbegu za kwanza utaziponda, za baadaye utazisikia. Kisha loweka kwa saa 24 kwenye maji ya kawaida, ukibadilisha maji mara moja au mbili. Mbegu iliyopasuliwa ina mafuta na harufu, kwa hiyo panya na sisimizi wataifuata. Funika vitalu kwa wavu wa matundu madogo tangu siku ya kwanza.

Kitalu

Panda moja kwa moja kwenye viriba badala ya tuta la kusia, kwa sababu mizizi ya msandali haipendi kusumbuliwa. Kiriba chenye upana wa sentimita 10 na kina cha 20 kinafaa; vile vifupi vya mboga vitakuletea mizizi iliyojikunja. Mchanganyiko wangu ni mchanga wa mto sehemu 2, udongo wa juu wa kichakani sehemu 2, na mboji iliyooza kabisa sehemu 1. Samadi mbichi hapana. Udongo wa kichakani, uliochukuliwa kidogo kidogo chini ya misandali au chini ya wenyeji wake, unaleta viumbe hai wa udongo ambao huwezi kuwanunua.

Weka mbegu 1, au 2 kama huziamini, kwa kina cha sentimita 1 hivi. Kivuli kiwe nusu, kwa chandarua cheusi au makuti yaliyoachana. Mwagilia asubuhi, udongo uwe na unyevu bila kulowa. Kinyausi ndicho kinachoua zaidi katika hatua hii: shina la mche mchanga linalainika usawa wa udongo na kulala. Dawa yake kubwa ni mchanga wa kutosha kwenye mchanganyiko, hewa kati ya viriba, na kuacha kumwagilia jioni.

Kisha subira. Miche ya kwanza huchomoza baada ya wiki 4 hadi 8, na mingine hujitokeza wakati umeshakata tamaa. Usimwage viriba vilivyo kimya kabla ya miezi 4.

Usichimbe maotea porini kuokoa muda. Mche mdogo unaouona chini ya msandali tayari umeshika mizizi ya jirani yake, na ukiung'oa unaukata kutoka kwenye chakula chake. Utakaa kijani siku kadhaa kwenye kiriba chako, utafurahi, halafu utakufa.

Mwenyeji ndani ya kiriba

Mche ukiwa na majani 6 hivi, akiba ya mbegu inaelekea kuisha na mizizi inaanza kutafuta. Huu ndio wakati wa kuuwekea mwenyeji wa muda. Wakulima wa msandali wa India wametumia mbaazi kwa kazi hii kwa miaka mingi, na mbaazi ni rahisi: mbegu 1 kwenye ukingo wa kiriba, sentimita 4 au 5 kutoka kwenye mche. Kijiti cha Tecomaria kilichokwisha shika mizizi nacho ni kizuri, tena kitaishi zaidi ya mbaazi na kinaweza kwenda nao hadi shambani.

Kosa linalofuata ni kumwacha mwenyeji atawale. Mbaazi ikiachwa itaupita mche kwa mwezi mmoja na kuufunika. Ipunguze kila wiki 2 kwa mkasi, isipite urefu wa msandali, lakini usiikate mpaka chini. Unachotaka ni mizizi yake.

Utajua vinundu vimeshika kwa kuangalia majani mapya: yanatoka mapana zaidi, kijani yake inaiva, na umbali kati ya jani na jani unaongezeka. Mche uliokaa kiriba kimoja na mwenyeji na bado umedumaa kwa miezi 3 hauna haja ya kuhurumiwa.

Mche wa kwenda shambani uwe na sentimita 25 hadi 40 na shina lililoanza kuwa mti kwa chini. Kufika hapo ni kazi ya miezi 8 hadi mwaka. Mwezi wa mwisho ondoa kivuli hatua kwa hatua na punguza maji. Inua viriba kila baada ya wiki 2 ili mizizi isizame ardhini.

Vipandikizi na kufunga tawi

Mbegu hukupa utofauti wa vinasaba, lakini hazikuambii ipi itakuwa jike. Njia za kijiti na tawi zinakuambia, kwa kuwa mche unafuata jinsi ya mti uliotoka. Kwa mtu anayetaka kurejesha majike kwenye kilima kilichobaki na madume, hizi ni njia za thamani.

Vipandikizi vya msandali ni vigumu. Matawi yaliyozeeka yanakataa karibu kabisa. Chukua machipukizi laini ya msimu, yaliyotoka kwenye kisiki au kwenye miche michanga, asubuhi na mapema, yaweke ndani ya kitambaa kilicholowa. Kata urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, acha 3 au 4 ya juu, nayo uyakate nusu. Chovya mwisho kwenye homoni ya unga ya kuoteshea mizizi yenye IBA, kung'uta ziada, chomeka kwenye mchanga safi.

Boksi la kuoteshea unaweza kulitengeneza mwenyewe. Fremu ya mbao ya mita 1 kwa 2, chini na pembeni tandika nailoni nzito isiyovuja. Weka mawe, juu yake kokoto, juu yake mchanga sentimita 10. Mimina maji kupitia kipande cha bomba kilichosimamishwa kwenye kona mpaka yafike chini kidogo ya mchanga, yasiufikie. Funika juu kwa nailoni angavu iliyovutwa vizuri, uweke boksi lote chini ya kivuli. Maji yanapanda kama mvuke, yananata kwenye nailoni, yanarudi, na majani hayakauki. Fungua kila siku dakika chache tu, nyunyiza, toa majani yaliyooza. Mizizi huchukua miezi 2 hadi 4. Vingi vitakufa, kwa hiyo chomeka mara kadhaa zaidi ya idadi unayohitaji.

Kufunga udongo kwenye tawi hunipa matumaini zaidi, kwa kuwa tawi linaendelea kulishwa na mama mpaka litakapojitegemea. Chagua tawi lenye unene wa penseli au kidogo zaidi, mwanzoni mwa mvua. Kwa kisu kikali zungusha mikato miwili iliyoachana sentimita 2 hadi 3, vua gome lote katikati, kisha kwangua ule utelezi ulio juu ya mti mweupe mpaka kidole kikipita kisiteleze. Ukiuacha, tawi litajiunga tena na kazi yote ni bure. Paka homoni kwenye mkato wa juu, ule wa upande wa ncha ya tawi, kwani ndipo mizizi inapotokea. Funga konzi ya makumbi ya nazi au vumbi la mbao lililolowekwa na kukamuliwa, lizungushie nailoni, kaza pande zote mbili kama peremende. Nailoni ikiwa angavu utaona mizizi bila kufungua, lakini izungushie karatasi ya kuakisi jua.

Baada ya miezi 2 au 3, mizizi ikionekana kahawia na mingi, kata chini ya fundo, punguza majani nusu, panda kwenye kiriba kikubwa pamoja na mwenyeji, kivulini. Usifunge zaidi ya matawi machache kwenye mti mmoja. Weka lebo ya jike au dume papo hapo.

Kwenda shambani

Chagua mteremko au ardhi yenye mawe inayopitisha maji. Msandali huota vizuri kati ya mita 900 na 2,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Tanga mjini au Mombasa asijisumbue nao. Udongo mzito unaotuama maji utauua hata kama una wenyeji wote duniani.

Chimba mashimo ya sentimita 45 kwa 45, sentimita 50 hadi mita 1 kutoka kwenye shina la mwenyeji aliyekomaa, upande unaopata jua la asubuhi. Panda mvua zikishakolea: Machi au Aprili kwenye maeneo ya masika, na Desemba kwa kanda za kati na nyanda za juu kusini. Kata kiriba kwa wembe na uingize mche pamoja na mwenyeji wake mdogo bila kuvunja udongo. Kwenye mteremko tengeneza kingo ya nusu duara upande wa chini ili kushika maji. Weka matandazo, mbali kidogo na shina kwa sababu ya mchwa.

Panda kwa vikundi. Kama ni miche ya mbegu ambayo jinsi yake haijulikani, weka 8 hadi 10 kwa kikundi, ikiachana mita 3, uwe na hakika ya kupata dume na jike walio karibu. Kwa miche ya matawi, dume 1 kwa majike 4 au 5 naona inatosha, mradi wadudu wapite bila kizuizi.

Sasa jambo ambalo wakulima wazuri hulipinga. Usipalilie shamba likawa jeupe. Fyeka nyasi zinazoufunika mche kwa duara la nusu mita, basi. Mkulima msafi, anayeng'oa kila kichaka na kupiga dawa ya magugu, anakata mirija ya msandali wake bila kujua. Dawa ya magugu hasa isikaribie: mwenyeji akinyauka, msandali unafuata. Shamba zuri la msandali linaonekana kama pori lililosahaulika, na itabidi uwaeleze majirani.

Mbuzi ndio adui mkubwa wa miaka 3 ya kwanza. Majani haya wanayapenda, na kiangazi kijani ni chache. Zungushia matawi ya miiba kila kikundi. Mwagilia kiangazi cha kwanza, lita 5 kwa wiki kwa kila mche zinasaidia. Kiangazi cha pili mche wenye wenyeji wazuri hujitafutia.

Pale visiki vilipobaki

Kabla hujatumia fedha kwenye kitalu, tembea eneo lako lote. Msandali uliokatwa juu ya ardhi, bila kung'olewa, huchipua. Kisiki chenye mizizi hai tayari kina wenyeji wake na kinashinda mche wowote utakaouleta. Kizungushie miiba, acha machipukizi yote mwaka wa kwanza, kisha bakiza 3 au 4 yenye nguvu. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa kwa msimu, na kuanzia 1986 mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) mkoani Shinyanga ulitumia utaratibu huo kurudisha miti kwenye maeneo makubwa yaliyokuwa yameachwa wazi. Kufunga kipande cha kilima kwa makubaliano ya kijiji, kuacha visiki vichipue na kuongeza miche ya majike pale penye mapengo, ni rahisi kuliko kuanza upya, na ndiyo njia ninayoishauri kwa vikundi.

Mafuta, na daftari

Anayepanda kwa kutaraji kuuza mafuta baada ya miaka 5 amedanganywa na muuza miche. Kiini chenye harufu hujengeka polepole mno, na mti wenyewe hauna haraka. Katikati ya safari hiyo kuna mbegu na miche ya kuuza kwa kibali, kuna nyuki, na vichaka vya wenyeji vinatoa kuni.

Siku unapopanda, anza daftari: tarehe, mbegu zilikotoka, idadi ya miche kwa kila kikundi, wenyeji waliotumika. Piga picha zenye alama ya eneo. Peleka nakala kwa ofisa misitu wa wilaya na uombe barua ya kupokelewa, au mhuri tu juu ya nakala yako. Misandali yako ikikomaa hakuna atakayeweza kuutofautisha mti uliopandwa na ule wa porini kwa kuutazama, na nakala hiyo yenye mhuri ndiyo itakayosema ni yako. Rudia kila mwaka, baada ya kuhesabu iliyobaki hai. Miti inapoanza kuchanua, funga kitambaa cha rangi moja kwenye majike na kingine kwenye madume, uandike jinsi yake daftarini.